Ukivunja, Umenunua

Jumamosi, 1 Machi

Kitabu hiki nilipewa na muuza vitambaa mwanzoni mwa mwaka, zawadi ya mteja mwema, nikakitupa juu ya rafu ya nyuzi. Leo nimekipangusa vumbi kwa sababu nahitaji mahali pa kusemea. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule, na tangu juzi Mama yumo ndani yake. Hata kunong'ona na mume wangu imekuwa kazi.

Mama hakuja kwa hiari. Kule shambani anaishi peke yake, na mwezi uliopita aliteleza nyuma ya nyumba, akalala kwenye tope tangu asubuhi mpaka jua linakaribia kuzama, ndipo jirani akapita. Kaka yangu mkubwa akampakia kwenye gari na kumshusha kwangu. Mimi ndiye kitinda mimba, na nadhani ndio maana hakuna aliyeniuliza.

Sanduku lake ameliweka nyuma ya mlango wa sebule. Nimemtolea nafasi kabatini, akaitazama kama mtu anayeonyeshwa chumba cha kupanga.

"Liache hapo hapo," akasema. "Mvua zikiisha narudi kwangu."

Anachomoa gauni moja, anafunga tena zipu.

Jumatatu, 3 Machi

Mama hali chakula. Mboga nilinunua kwenye duka kubwa la njia panda, imefungwa vizuri kwenye plastiki. "Imefungwa kama maiti," akasema, akasukuma sahani. Mume wangu akainama haraka kutafuta kijiko ambacho hakikuanguka.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu ni fundi rangi, na juzi alikuwa anapaka ofisi za jiji. Akaja na habari kwamba Jumamosi maegesho ya magari pale yanageuka soko la wakulima. "Mpeleke Mama," akasema. "Akiona majani yenye udongo pengine roho itamrudi."

Tukaenda. Kila kitu pale ni cha jiji: meza, mizani, maturubai, na msimamizi, bwana mnene mwenye kizibao cha njano na kipaza sauti asichokiweka chini hata anapokunywa chai. Kila mara anatangaza sharti lile lile. "Hapa anauza aliyelima mwenyewe! Ukinunua kwingine ukaja kuuza hapa, meza tunaichukua!"

Mama akapita kwenye nyanya bila neno. Akabonyeza biringanya, akaguna. Akafika kwenye bamia. Akaokota moja, akaikunja ncha kwa kidole gumba. Ikapinda. Akairudisha. Akaokota nyingine, ikapinda. Ya tatu ikakatika, paa! Hiyo akaiweka kwenye mizani.

"We mama!" Mwenye meza akaruka. "Unafanya nini?"

"Nachagua."

"Unachagua au unaniharibia? Ukivunja, umenunua!"

"Iliyovunjika si ndiyo naichukua? Hizi zilizopinda ndizo nakuachia, binti. Zimekomaa, fumia kikapu."

Huyo binti ana mvi na, kama tulivyoarifiwa papo hapo kwa sauti ya juu, wajukuu wanne. Watu wakaanza kusogea. Nikalipa, nikamvuta Mama kwa mkono.

Amekula. Sahani ameirudisha jikoni mwenyewe. Sijasema kitu, naogopa kuharibu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nimeshona pazia za kliniki kutwa nzima, zote nyeupe. Naona nyeupe hata nikifumba macho.

Jumamosi, 15 Machi

Mama Bamia (mimi na mume wangu ndivyo tunavyomwita) alipotuona tu akafunika bamia zake kwa gunia. "Leo hakuna!"

"Hakuna? Ni nini hizo zinazopumua chini ya gunia?" Mama akauliza.

Wakavutana gunia. Akavunja, paa, paa. Nyingi zilikatika leo. Akanunua mafungu mawili na kulipa kwa pesa yake, aliyoitoa kifuani, na njiani akawa anamsema yule mama mpaka tumefika mlangoni. Ila amesema kwa uchangamfu. Tangu aje sijamsikia akisema mambo mengi hivyo.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimefanya jambo la kijinga.

Tulipofika kwenye meza, msimamizi alikuwa anatungoja. Akawasha kipaza sauti, naye amesimama hatua mbili tu kutoka kwetu. "Wateja mnaombwa msivunje bamia! Narudia, msivunje bamia!" Soko zima likageuka. Alikuwepo daktari wa ile kliniki, ambaye pazia zake bado hazijalipiwa zote, na kikapu chake mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama akawa ameshika bamia, anaikunja. Nikasema, mbele ya wote, "Mama, basi! Unanitia aibu!"

Akaiweka chini. Hakuivunja. Mama Bamia mwenyewe akajifanya anapanga mafungu.

Njiani nikamwambia kwamba Jumamosi nyingine atulie nyumbani, nitakwenda mimi. Akasema, "Sawa, mwanangu." Mama hajawahi kuniambia "sawa" tangu nizaliwe.

Jumanne, 25 Machi

Anakula vijiko viwili, vitatu. Leo nimemkuta anapaka mshumaa kwenye zipu ya sanduku ili iteleze.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda peke yangu. Nimechagua bamia kubwa kubwa, nzuri za macho. Mama Bamia akanipimia bila kunitazama.

"Mama yuko wapi?"

"Amepumzika."

"Anaumwa?"

"Hapana. Si mlilalamika wenyewe?"

Akaacha kupima. "Mimi? Mimi simo! Aliyelalamika ni muuza biringanya, anabonyezewa. Mimi nagombana naye tu, dada. Unajua siku hizi nachuma alfajiri ya Jumamosi yenyewe, nachuma changa? Namwogopa yeye. Zamani nilikuwa nachuma Alhamisi." Akacheka, kisha akakunja uso. "Sasa wewe umemfungia ndani bibi wa watu."

Nikamwambia hajui lolote kuhusu nyumba yangu. Akasema ni kweli. Akainama chini ya meza, akatoa bamia za kahawia zilizokauka kama vijiti, zile za mbegu. "Mpelekee hizi. Mwambie azivunje akiweza."

Nilimpa Mama huku nimejiandaa kwa matusi. Akazitikisa sikioni. Mbegu zikalia ndani. Akazitikisa tena, mdomo ukamcheza.

"Ana dharau yule binti," akasema. Kisha akala. Bamia zangu nzuri za macho zilikuwa kamba tupu, akatema nyuzi moja baada ya nyingine na kuzipanga ukingoni mwa sahani ili nizione.

Jumatatu, 31 Machi

Mume wangu nusura anywe kikombe cha maji kilichokuwa mezani. Kina mbegu za bamia. "Angezaa," Mama akasema. Tumecheka mpaka mbavu zinauma.

Alhamisi, 3 Aprili

Ndoo za rangi zimejaa roshani. Mume wangu amezitoboa matako kwa msumari, kama alivyoagizwa. Udongo alioleta kutoka kazini umekataliwa. "Hii umeniletea nyumba iliyobomolewa, baba," Mama akamwambia, akaokota kipande cha tofali na kumkabidhi kwa heshima zote.

Jumamosi, 5 Aprili

Asubuhi nilimkuta Mama amevaa, kikapu mkononi. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka mawili. Akasema, "Tutachelewa."

Mama Bamia alipomwona akaweka mikono kiunoni. "Umezivunja?"

"Nimezipasua. Nataka udongo."

"Udongo wa nini?"

"Wa kuziotesha. Naishi kwenye sementi, binti, sina hata wa kujipaka mguuni."

Mama Bamia akacheka vibaya sana, akaita majirani waje wasikie. Bamia juu ya ghorofa! Akaapa mbele yao: zikiota, zikazaa, Mama ana ruhusa ya kumvunjia kikapu kizima bila kununua hata moja. Lakini udongo akatoa. Gunia zima la udongo mweusi wa shambani kwake, lililokuwa limewekwa chini ya lori la wakulima kuzuia maji. Nimelibeba mimi, na mgongo wangu unalijua hilo.

Jumatatu, 7 Aprili

Zimepandwa. Haturuhusiwi kuanika nguo upande wa jua.

Jumatatu, 14 Aprili

Zimeota! Mama ametuita sote, hata jirani wa mlango wa pili ambaye hatusalimiani. Tumesimama kuzitazama kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua kubwa sokoni, maji yanapita kati ya meza. Wateja tulikuwa wachache, tumejibana chini ya maturubai. Mama amekaa nyuma ya meza, kwenye kreti, bega kwa bega na Mama Bamia, wanagombania kama miche ipunguzwe ikiwa na majani mawili au manne.

Jumatano, 23 Aprili



Saa za mchana upepo ulivuma kwa ghafla, wa kutisha, na mvua nyuma yake. Chumba changu cha kushonea kiko chini kabisa, na roshani yetu iko ghorofa ya tatu, juu ya dirisha langu. Nilikuwa nakata kitambaa cha watu, cha bei, nimeuma pini mdomoni. Nikasikia ndoo inaanguka. Nyingine. Kisha nikasikia sauti ya Mama, mara moja tu, ananiita.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka mlango, na Mama yuko chini roshanini, mguu umekunjwa vibaya, maji yanampiga usoni, na mikono miwili ameikumbatia ndoo. Nikafikiri: ndivyo alivyokuwa siku ile. Kutwa nzima, hivi hivi, na mimi huku napiga pasi.

Nikamwinua. Ni mwepesi, sikujua ni mwepesi hivyo. Nikamkausha, nikamfunga kifundo, na yeye muda wote anauliza, "Miche? Tazama miche." Hapo nikapandwa na hasira. Nikasema ndoo zote zinakwenda jalalani leo hii, kwamba hakutolewa kwenye tope kule aje afie kwenye tope la ndoo za rangi. Nililia nikiwa nasema, pini nilikuwa nimetema sijui wapi. Nikamwambia, na ukirudi kule, nani atakusikia? Nani?

Akatazama ukuta.

Mume wangu alirudi ameloa chapachapa. Alichukua koleo na waya, akatoka roshanini, akafunga ndoo zilizobaki kwenye nondo za kizuizi, moja moja. Tatu zimevunjika. Zilizobaki zimesimama.

Ijumaa, 25 Aprili

Daktari amesema kifundo kimeteguka tu. Mama na mimi tunaongea mambo ya chumvi na chai.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilikwenda sokoni peke yangu. Nilipomweleza Mama Bamia, akaketi kwenye kreti lake. Kisha akaniuliza polepole, "Ndoo ngapi zimebaki?" Nikataka kukasirika, nikashindwa.

Akachagua bamia mwenyewe, akaikunja ncha kila moja mbele yangu kabla ya kuiweka kwenye mfuko. "Mwambie nimemvunjia mimi leo."

Nilimwambia. Mama akawa anatoa bamia zile moja moja, zote zimekatika ncha. Akasema, bila kuinua kichwa, "Kule niliita mpaka sauti ikakauka. Hapa nimeita mara moja, umekuja na mkasi mkononi."

Sikujua kuwa nilikuwa na mkasi.

Jumatano, 7 Mei

Miche imefika magotini. Pazia za kliniki zimelipwa, zote.

Jumamosi, 10 Mei

Kaka amepiga simu. Amerekebisha paa la nyumba ya Mama na kumwaga zege pale nyuma ili asiteleze tena. Atakuja kumchukua tarehe kumi na nne mwezi wa sita, mvua zitakuwa zimeisha. Mama akasema kwenye simu, "Sawa, baba. Umefanya vizuri."

Basi. Sanduku bado liko nyuma ya mlango. Nilijidanganya.

Jumapili, 25 Mei

Ua la kwanza. La njano, na moyo wake mwekundu mzito. Lilifunguka asubuhi, jioni lilikuwa limenywea. Mama alikaa nalo kutwa kwenye kiti cha sebule, mguu juu ya stuli. Nimekaa naye nikapinda mapindo ya pazia. Nilikuwa nahesabu majuma kimoyomoyo, nikajikataza.

Jumamosi, 31 Mei

Bamia nne, ndogo kama kidole cha mtoto. Msimamizi ametangaza kwamba Jumamosi ya mwisho wa msimu, tarehe kumi na nne, jiji litatoa meza kwa mkazi yeyote aliyelima chochote. Mama akanyoosha mkono juu.

"Shamba lako liko wapi?" kipaza sauti kikauliza.

"Ghorofa ya tatu."

"Sharti ni kulikagua shamba!"

"Njoo. Chai ipo."

Tarehe ni ile ile ya Kaka. Sikumkumbusha.

Alhamisi, 5 Juni

Msimamizi amekuja, na kizibao chake. Ngazi zimemtoa jasho, amefika mlangoni ameshika ukuta.

"Shamba... liko wapi?"

"Umelikanyaga," Mama akasema.

Akaondoa mguu kwenye udongo uliomwagika. Akatazama ndoo zilizofungwa waya, na bamia zimesimama wima kwenye mashina. Akanyoosha mkono, akashika ncha ya moja, akaikunja kidogo.

Mama akakohoa. "Wateja mnaombwa msivunje bamia."

Ameidhinisha. Amekunywa chai vikombe vitatu, na kumbe akiwa hana kipaza sauti ni mtu wa sauti ndogo, mpole.

Ijumaa, 13 Juni

Kesho Kaka anakuja. Haturuhusiwi kula bamia hata moja, zote zinangoja meza. Nimeshona mfuko wa kitambaa kwa mabaki ya pazia ili Mama aweke chakula cha njiani. Nimeushona vibaya, nikaufumua, nikaushona tena.

Nilitaka kumwambia abaki. Nilisimama mlangoni, naye anazungukazunguka sebuleni, zipu inakwenda na kurudi. Nikasema, "Usisahau dawa zako." Nikaenda kulala nikijichukia.

Jumamosi, 14 Juni

Kaka alifika asubuhi, amevaa vizuri, ana haraka. Akasema tupitie sokoni Mama aage, kisha washike njia. Akanyanyua sanduku, akasita.

"Mbona jepesi?"

"Nimekonda," Mama akasema. "Libebe taratibu."

Nilikaa kiti cha nyuma na sikuona njia, machozi yalikuwa yananijaa. Sokoni Mama hakwenda kuaga mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mwisho, meza ya jiji iliyo wazi, akamwambia Kaka aweke sanduku juu. Kaka akaniangalia mimi, kana kwamba najua kitu.

Mama akafungua zipu. Ilifunguka bila kelele, ule mshumaa ulifanya kazi. Ndani hakukuwa na gauni wala shuka. Kulikuwa na taulo langu la kuogea, limeloweshwa na kukamuliwa, na juu yake bamia zimelala safu safu, za kijani, changa, ncha zote zinatazama upande mmoja.

"Nguo zako ziko wapi?" Kaka akauliza.

"Kabatini kwa mwanangu. Alinipa nafasi tangu mwezi wa tatu."

"Na nyumba, Mama? Paa? Zege?"

"Nitakuja kuliona zege lako, baba. Nitakaa wiki moja, nitalisifu. Lakini utanirudisha, nina shamba huku."

Kaka akavua koti, akauliza bei ni ngapi, watu walikuwa wameanza kujaa. Mimi sikuweza kusaidia chochote. Nilikuwa nimeshika kona ya meza nalia na kucheka mbele ya soko zima, na daktari wa kliniki yuko pale tena na kikapu chake, na sikuona aibu hata kidogo.

Ndipo Mama Bamia akaja. Aliacha meza yake bila mtu, akapenya katikati ya wateja, amekunja uso. Majirani wake wa soko wakamfuata, kiapo walikisikia wote. Hakusalimu. Akatazama sanduku, akachagua bamia moja kutoka katikati, akaishika ncha kwa kidole gumba.

Paa!

Ilikatika safi. Mama Bamia akaitazama ile ncha kiganjani, na macho yake yakalowa kabla hajapata neno la kusema.

Mama akainuka kwenye kreti, mguu wake mbovu na yote, akampigia kelele zilizofika mpaka kwa muuza biringanya:

"We binti! Ukivunja, umenunua!"